Sauti Ikishuka, Sa Hushuka Nayo

Wajukuu zangu, mwaka 1933 mtoto wa miaka 11 alitoroka kwao Gadag, mji ulio kusini mwa India, akaenda kutafuta mwalimu wa kuimba. Alikuwa amesikia santuri ya mwimbaji aliyeitwa Abdul Karim Khan, na sauti ile ilimwingia moyoni asipate tena raha. Nauli hakuwa nayo. Alidandia treni, na inasimuliwa kwamba alipobanwa kuhusu tiketi aliimba mpaka akaachiwa. Akafika Gwalior, mji uliosifika kwa waimbaji wake. Akafika Kolkata. Akafika Jalandhar, kaskazini kabisa, na huko ndiko baba yake alikomkuta akamrudisha nyumbani.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Mwalimu aliyemtafuta nchi nzima alipatikana Kundgol, mahali pasipo mbali na kwao. Aliitwa Rambhau Kundgolkar, ingawa watu walimjua zaidi kwa jina la Sawai Gandharva, na yeye mwenyewe alikuwa amefunzwa na yule yule Abdul Karim Khan wa kwenye santuri. Mwaka 1936 kijana akahamia kwa mwalimu. Alichota maji, alifanya kazi za nyumbani, na alipoitwa kuja kuimba aliimba. Kijana huyo ni Bhimsen Joshi. Uzeeni mwake, mwaka 2008, alitangazwa kuwa mpokeaji wa Bharat Ratna, nishani ya kiraia iliyo kubwa kuliko zote nchini India.

Nimeanza na safari hiyo kwa sababu habari ninayotaka kuwasimulia ni ya safari iliyogeuka upande. Zamani mwanafunzi alimfuata mwalimu, hata kwa treni ya kudandia. Siku hizi mwalimu, tena mwalimu mzee mwenye mvi, humfikia mtoto chumbani kwake kupitia kioo cha simu au cha kompyuta. Wazee wa namna hiyo ni wengi India, wake kwa waume, na ni watu wa majumbani kwao, kwa hiyo sitawataja. Nitawachora wote kwa mtu mmoja. Mchukulieni kuwa ni bibi wa Pune, na wanafunzi wake wanamwita Tai, dada mkubwa, kama waimbaji wanawake wa jimbo hilo la Maharashtra wanavyoitwa kwa heshima. Tai wetu alifunzwa tangu yungali mdogo. Aliimba mbele ya watu, akaolewa, akalea, akafundisha watoto wa mtaani sebuleni kwake. Sasa ana miaka sabini na kitu. Magoti hayamruhusu tena kukaa sakafuni saa tatu akiwa amekunja miguu na kukumbatia chombo cha nyuzi kiitwacho tanpura, na kupanda basi kwenda upande wa pili wa jiji ni kazi nzito. Lakini anafundisha kuliko alivyopata kufundisha maishani mwake.

Ili muelewe namna gani hilo linawezekana, lazima kwanza niwaambie muziki wenyewe umejengwa vipi.

Muziki wa jadi wa India una matawi mawili makubwa, la kaskazini liitwalo Hindustani na la kusini liitwalo Karnatiki. Yote mawili yana ngazi saba za sauti. Kaskazini wanazitamka Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni. Sa na Pa hazisogei. Re, Ga, Dha na Ni zinaweza kushushwa kidogo, na Ma inaweza kupandishwa kidogo, kwa hiyo mwimbaji anapata sauti 12 za kuchezea. Kutoka hizo huzaliwa raga. Raga si wimbo. Raga hukuambia upite ngazi zipi, ipi uiruke unapopanda, ipi uizunguke unaposhuka, wapi utue upumzike. Raga iitwayo Yaman ina Ma iliyopandishwa na huimbwa jua likishazama. Iitwayo Bhairav ina Re na Dha zilizoshushwa, nayo ni ya asubuhi. Ile Re yake haisimami wima, hutikiswa polepole. Waimbaji wawili wanaweza kuimba Yaman usiku mmoja, maneno mbalimbali na mwendo mbalimbali, na msikilizaji aliyezoea ataitambua kwa wote wawili.

Jambo hili halifundishiki kwa karatasi peke yake. Msomi Vishnu Narayan Bhatkhande, aliyezaliwa mwaka 1860 na kufariki 1936, alizunguka India akikusanya nyimbo kutoka kwa mabingwa wa zamani, akaziandika kwa alama na kuzichapisha kwenye vitabu ambavyo wanafunzi wanavitumia hata leo. Ilikuwa kazi kubwa, nami namheshimu kwa hilo. Lakini alama iliyoandikwa haiwezi kukuonyesha jinsi sauti inavyoteleza kutoka Ga kwenda Re bila kukatika, wala Re ya Bhairav itikisike kiasi gani. Hayo lazima uyasikie kutoka mdomoni mwa mtu, uyarudie, ukosolewe, uyarudie tena. Ninyi mliopita madrasa mnaujua mtindo huu: mwalimu anasoma, wewe unafuatisha, na akisikia herufi imetoka mahali pasipo pake anakusimamisha hapo hapo.

Sasa njooni kwenye Sa, kwa maana ndiyo kiini cha habari yangu.

Kwenye kinanda cha Kizungu kila sauti imepangiwa mahali pake, na wimbo ulioandikwa uanzie mahali fulani utaanzia hapo. Kwenye muziki wa India hakuna aliyeipangia Sa mahali. Kila mwimbaji huichagua mwenyewe kulingana na koo lake. Wanaume wengi huiweka karibu na ile sauti ambayo Wazungu huiita C au D, wanawake wengi karibu na G au A. Ukishaichagua Sa yako, ngazi nyingine zote hujipanga kuifuata. Na anayekulindia Sa hiyo usiipoteze ni tanpura. Ni chombo kirefu cha nyuzi nne, chenye tumbo la kibuyu kikubwa kilichokaushwa, na mji wa Miraj huko Maharashtra ndio unaosifika kwa mafundi wake. Tanpura haipigi wimbo wowote. Hurudia Sa na Pa tangu mwanzo hadi mwisho. Mafundi hupitisha kipande chembamba cha uzi wa pamba au hariri chini ya kila waya, pale unapogusa daraja la chombo, na uzi huo ndio unaoifanya sauti ivume na kuchanua badala ya kulia mara moja na kufa.

Koo la binadamu huzeeka kama magoti. Nyuzi za sauti hukonda, gegedu za koromeo hukakamaa, mapafu hayabebi pumzi nyingi kama zamani. Wanawake wengi sauti hushuka, wanaume wengi hupanda kidogo. Mwimbaji aliyejenga jina lake juu ya sauti za juu kabisa anaweza kuona kwamba nyumba imebomoka. Lakini katika muziki huu mzee hana haja ya kuipigania sauti ya ujana. Huishusha Sa. Aliyekuwa akiimba kutoka A huhamia G, miaka ikizidi huhamia F, na Yaman inabaki Yaman, Bhairav inabaki Bhairav, kwa sababu raga ni umbali kati ya ngazi na jinsi unavyoupita. Naona huu ni uungwana mkubwa wa muziki huo. Umemwandalia mzee mahali tangu mwanzo.

Ushahidi upo. Ustad Abdul Rashid Khan, aliyezaliwa mwaka 1908, alifundisha Kolkata katika chuo cha utafiti wa muziki cha ITC, akiishi na wanafunzi na kuimba mbele ya watu hata baada ya kupita miaka 100. Alifariki mwaka 2016. Prabha Atre wa Pune alikuwa na miaka 91 alipofariki Januari 2024, naye alikuwa bado mwalimu na bado anapanda jukwaani. Na kuna habari ya Alladiya Khan, ambayo naipenda kuliko zote. Huyu aliharibu sauti yake akiwa bado kijana, kwa kuimba kupita kiasi katika baraza la mtawala mmoja. Ilipomrudia haikuwa ile tena. Ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo. Hakuacha. Alitengeneza mtindo mpya uliofaa koo alilobaki nalo, wenye mapito ya kupindapinda yanayotaka akili kali kuliko koo laini, na ndio mtindo wa ukoo wa waimbaji uitwao Jaipur-Atrauli. Miongoni mwa aliowafundisha ni Kesarbai Kerkar. Mwaka 1977 Wamarekani walipotuma vyombo viwili vya Voyager angani, sauti ya Kesarbai akiimba raga Bhairavi iliwekwa kwenye sahani iliyopakwa dhahabu iliyobebwa humo. Kwa hiyo sauti iliyofunzwa na mtu mwenye koo lililoharibika sasa iko nje ya sayari zote za jua letu.

Tumrudie Tai. Serikali ya India ilipofunga nchi kwa sababu ya korona, usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi 2020, sebule yake ilinyamaza. Kufundisha kwa mbali hakukuanzia hapo. Programu ya Skype ilipoanza mwaka 2003, haikuchukua miaka mingi kabla ya walimu wa Chennai kuanza kuitumia kuwafundisha watoto wa Kihindi waliokuwa wakikulia Marekani. Lakini wazee wengi walikuwa wamekataa. Walisema muziki huu hauwezi kupita kwenye waya. Baada ya Machi ile hawakuwa na njia nyingine, ama wafundishe kwa kioo ama wakae kimya, na Tai hakuwa mtu wa kukaa kimya.

Wazee hao hawakuwa wajinga, wala woga wao haukuwa wa bure. Hebu niwaeleze tatizo lililowakabili, kwa sababu linafurahisha akili.

Sauti ya Tai ikitoka Pune kwenda kwa mtoto anayemfundisha New Jersey, Marekani, hupita kwenye nyaya za mwanga zilizolazwa chini ya bahari, na huku na huku kuna mashine za kuikunja na kuikunjua. Mara nyingi humfikia mtoto baada ya kitu kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Mkiwa mnazungumza hamtagundua lolote. Lakini wanamuziki wanaotaka kwenda pamoja huanza kupotezana hata ucheleweshaji ukiwa sehemu tatu za mia za sekunde, muda ambao sauti hutumia kuvuka mita 10 hewani. Sasa fikirieni tala, yaani mzunguko wa mapigo. Ule uitwao tintal una mapigo 16: unapiga kofi pigo la 1, la 5 na la 13, na pigo la 9 unapunga mkono hewani bila kupiga. Tai akianza kupiga makofi Pune, mtoto anayasikia yamechelewa. Anaimba juu yake, sawasawa kabisa, na uimbaji wake unachelewa tena ukirudi. Tai anamsikia mtoto yuko nyuma kwa sehemu mbili za tano za sekunde, na katika mwendo wa kasi kidogo hilo ni karibu pigo zima. Atamwambia, "Unabaki nyuma, harakisha." Mtoto ataharakisha, na sasa ndipo atakuwa amekosea kweli.

Dawa yake ni nyepesi mtu akishaielewa. Mapigo yapigwe upande wa mwanafunzi. Mtoto anafungua kwenye simu nyingine programu inayotoa sauti ya ngoma za tabla, anaimba juu yake, na vyote viwili vinasafiri pamoja. Vitafika Pune vimechelewa, lakini vimechelewa pamoja, na Tai ataweza kuhukumu kwa haki kama mtoto amelifikia pigo la kwanza mahali pake. Tanpura nayo ilie upande wa mtoto. Hapo ninyi mliozaliwa na simu mkononi mtaona ni jambo la kawaida, ila lilianzia kwa mtu. G. Raj Narayan wa Bangalore, mhandisi na mpiga filimbi, ndiye aliyetengeneza mwaka 1979 kisanduku cha umeme cha kushikilia Sa. Wengi walikikataa wakisema hakina roho. Leo hata walimu wakali hukiwasha kisanduku, au programu ya simu inayofanya kazi hiyo hiyo, wanapokuwa hawana wa kuwapigia tanpura.

Tatizo la pili lilimsumbua Tai wiki nzima kabla hajajua ni nini. Mtoto alikuwa akivuta Sa ndefu, pumzi nzima, na katikati sauti ilikatika ikarudi, ikakatika tena. Tai alidhani pumzi ya mtoto ni fupi. Kumbe programu za mikutano zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisini wanaozungumza. Zimefunzwa kufuta kila sauti inayoendelea bila kubadilika, kama feni au mashine ya kupoza hewa. Na tanpura ni nini, mbele ya mashine ya namna hiyo, kama si feni? Sa iliyoshikwa vizuri, bila kuyumba, nayo ni nini? Kadiri mtoto alivyoishika vizuri ndivyo mashine ilivyozidi kuidhania kelele. Mjukuu wa Tai ndiye aliyepekua mipangilio akakuta kitufe cha kuiacha sauti ipite kama ilivyo. Programu ya Zoom iliongeza pia, mwaka huo wa 2020, mpangilio maalumu kwa ajili ya muziki. Na akawekewa vipokea sauti vizuri vya masikioni. Masikio ya wazee hupoteza kwanza zile sauti nyembamba sana za juu, lakini ngazi anazoimba binadamu ziko chini kabisa ya hapo, kwa hiyo sikio la Tai kwa Re na Ga bado ni kali.

La tatu halina dawa. Watu wawili wakiimba kwa pamoja, programu humchagua mmoja na kumfifisha mwingine. Tai na mtoto hawawezi kuimba kwa wakati mmoja.

Hapa nitawaambia ninaloamini. Sebuleni, mwalimu mwenye huruma huimba pamoja na mwanafunzi. Mtoto akiyumba, sauti ya mwalimu inambeba, na yeye mwenyewe hajui kwamba amebebwa. Miaka inaweza kupita hivyo. Kwenye kioo hakuna wa kukubeba. Tai anaimba kipande kidogo, Ni Re Ga, Re Sa, ananyamaza. Kimya kinapita, kirefu kidogo kuliko cha kawaida. Kisha mtoto anaimba peke yake, juu ya tanpura yake, na Tai anasikiliza kila kitu, pamoja na pale alipoingia Ga kwa chini akaisogeza taratibu mpaka ikakaa. Mwanafunzi wa kioo hulazimika kuwa na sikio lake mwenyewe mapema. Na mwalimu mzee, ambaye hawezi tena kumwaga sauti mfululizo saa mbili, hulazimika kufundisha kwa vipande vichache alivyovichagua kwa makini. Yale mapungufu mawili, la koo na la waya, yanakutana na kuwa njia nzuri ya kufundisha. Kumbukeni kwamba koo la mwalimu ni la kuonyeshea tu. Anachokupa hasa ni sikio lake: kujua kwamba hii siyo, bado, bado, sasa ndiyo.

Kuna jambo la saa pia, ambalo watoto hulipenda. Nimewaambia Bhairav ni ya asubuhi. Tai anaamka saa 12 asubuhi, anakunywa chai, anamfundisha Bhairav mtoto wa New Jersey. Huko, wakati wa kiangazi, ni saa 2 na nusu usiku wa jana yake. Basi raga inaimbwa asubuhi au usiku? Na mtoto wa Nairobi, ambaye saa yake iko nyuma ya Pune kwa saa mbili na nusu, akifundishwa Yaman Tai akiwa na saa 2 usiku, yeye yuko saa 11 na nusu jioni na jua lingali juu ya majengo. Watu wa kusini, wa Karnatiki, hawajibani sana na saa. Wa kaskazini hushikilia zaidi. Wengi hukubaliana kwamba wakati wa kujifunza mtu hujifunza saa yoyote, na saa ya raga huheshimiwa mbele ya wasikilizaji. Mimi ningemwambia mtoto ajifunze Bhairav usiku huo, kisha kesho yake aamke kabla ya jua aiimbe peke yake, aone kama haijabadilika mdomoni mwake.

Nimemtaja mtoto wa Nairobi kwa sababu yupo. Familia zenye asili ya India zimeishi Mombasa, Nairobi, Zanzibar na Dar es Salaam kwa vizazi, na muziki huu haujawahi kuwa mgeni kabisa kwetu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri zake. Mombasa kuna taarabu ya tabla na harmoniamu, na wazazi wenu watawaambia jinsi mwimbaji Juma Bhalo alivyotia maneno ya Kiswahili kwenye nyimbo za filamu za Kihindi. Nyimbo nyingi za filamu hizo za zamani zilijengwa juu ya raga. Kwa hiyo msikilizaji wa taarabu ya Mombasa huenda masikio yake yamekwisha kuonja Bhairavi au Yaman bila kuambiwa majina.

Kioo si kitu cha kwanza kushukiwa katika muziki huu. Hata harmoniamu ina kisa chake. Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku mwaka 1940, na marufuku hiyo haikuanza kulegezwa mpaka 1971, kwa sababu vibonye vyake haviwezi kuteleza kutoka ngazi moja hadi nyingine kama koo linavyoteleza. Waliokataza walikuwa na hoja. Lakini waimbaji waliendelea kuitumia majumbani, na leo imekaa pembeni ya karibu kila mwimbaji wa kaskazini. Santuri nayo ilikuwa na shida zake. Mwaka 1902, mwimbaji Gauhar Jaan alipoimba mbele ya pembe ya kurekodia santuri huko Kolkata, raga iliyozoea kuimbwa saa nzima ilibidi iishe kwa dakika kama tatu, na mwishoni alitaja jina lake kwa sauti ili mafundi wa Ujerumani waliokuwa wakichapa santuri wajue ni nani. Wapo wakubwa waliokataa kabisa kurekodi. Na bila santuri Bhimsen asingedandia treni.

Sitaki kuwadanganya kwamba kioo kinatosha kwa kila kitu. Mwanafunzi wa kweli wa muziki huu hufika siku akaketi nyuma ya mwalimu jukwaani, akimpigia tanpura, na mwalimu anapovuta pumzi yeye huichukua raga kwa muda mfupi mbele ya watu, huku moyo ukimdunda. Hapo hujifunza yasiyo na jina: jinsi mwalimu anavyousoma ukumbi, anavyomtazama mpiga tabla, anavyobadili nia katikati. Kuna pia ile sherehe ya kufungwa uzi. Mwalimu anayekukubali kuwa mwanafunzi wake hasa hukufunga uzi mkononi na kukulisha dengu na sukari guru. Hakuna programu ya kufunga uzi. Kwa hiyo wanafunzi wa Tai wanaoweza hukata tiketi, wakati wa likizo, wakaenda Pune. Wengine humwona ana kwa ana baada ya miaka mitatu au minne ya masomo, na inakuwa kana kwamba hawajui waanzie wapi, maana sauti yake wanaijua kuliko uso wake. Ninawaonea wivu. Na wale wasioweza kusafiri, ambao ni wengi zaidi, nawaambia kwamba wamepata kilicho muhimu kuliko vyote, mtu anayewasikiliza kwa makini kila wiki.

Kama mmoja wenu angetaka kuanza, Tai angempa somo lile lile la kwanza analompa kila mtu. Tafuta programu ya tanpura kwenye simu. Zipo za bure. Kaa wima, sakafuni au kwenye kiti. Kabla ya kuiwasha, sema jambo lolote kwa sauti yako ya kawaida ya mazungumzo, kisha ivute hiyo hiyo, aaa, bila kuipandisha wala kuishusha. Hapo ulipo ni karibu na Sa yako. Washa tanpura uisogeze mpaka ikufuate ulipo, maana yeye ndiye wa kukufuata wewe. Sasa imba Sa kwa pumzi nzima. Ukiwa juu kidogo au chini kidogo utasikia mtetemo, sauti zikisuguana. Jisogeze polepole sana. Mtetemo utapungua, na ukifika mahali penyewe hutasikia tena sauti yako peke yake. Imeingia ndani ya tanpura. Fanya hivyo asubuhi, kabla ya shule, dakika kumi, mwezi mmoja. Usiimbe kingine. Ukiweza kukaa kwenye Sa pumzi nzima bila kuyumba, hapo ndipo utafute mwalimu umwombe Re.